Wabia wa Asiatique na Faili la Serikali

Mtaa wa Asiatique mjini Bujumbura ulianza mji huo ungali unaitwa Usumbura, Wabelgiji walipogawa makazi kwa rangi: Wahindi na Waarabu hapa, Waafrika Buyenzi na Bwiza. Ubia ulifungwa kati ya ndugu, mashemeji au watu wa msikiti mmoja. Aliyetaka karatasi aliipata kwa karani wa mahakama. Wengi waliona neno la mzee linatosha.

Mwaka 2012 serikali ya Burundi ilifungua dirisha moja katika API, shirika la kuhimiza uwekezaji ambalo kazi yake sasa iko ADB, yaani Shirika la Maendeleo la Burundi. Mambo ya mahakama na ya kodi yakakutanishwa mahali pamoja, na kuandikisha kampuni kukawa shughuli ya siku moja. Benki ya Dunia ikasifu. Sifa hizo ni halali, ila zinamhusu anayeanza leo, si mwenye faili la zamani lililobaki mahakamani.

Chukua duka la kitambaa lenye wabia watatu kwenye faili. Wa kwanza ni marehemu. Wa pili alihamia Muscat. Wa tatu ndiye anayefungua mlango kila asubuhi. Ukilihamisha faili hilo kutoka mahakamani hadi kwenye rejista kuu ya dirisha hilo kama lilivyo, umempeleka na marehemu. Na jambo si dogo: katika kampuni ambayo Wafaransa huiita SNC, kila mbia anaweza kudaiwa deni lote, hata kwa mali yake ya nyumbani. Benki ikija, itamshika nani? Kwa kawaida atashikwa yule aliye karibu.

Nao wanaodhani karatasi ya kabatini inatosha wakumbuke Januari 27, 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoungua. Mkataba uliokuwa ndani ya kibanda haukupona kwa kuwa ni mkataba.

Nchini Tanzania, BRELA, wakala wa kusajili biashara, ilipoanza usajili wa mtandaoni mwaka 2018, ilizitaka kampuni za zamani zihuishe taarifa zao. Watu walilalamika, lakini huo ndio utaratibu: kwanza mwenye mali aulizwe, kisha faili lihamishwe. Bujumbura nayo ifanye hivyo, tena kwa Kiswahili na Kirundi. Mzee wa Asiatique asitakiwe kutia saini karatasi ya Kifaransa asichokielewa.

Ninyi wenye maduka msingoje kuitwa. Kaeni na warithi, andikeni nani ametoka na nani amebaki, mpeleke mabadiliko hayo yakaandikwe wakati wanaoujua ukweli bado wako hai.