Je, Wajua? Kahawa na Wenyewe

...kwamba arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia, na kwamba Wahaya wa Kagera walikuwa wakichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri na kumkaribisha mgeni kwa kumpa aitafune, zamani sana kabla ya wakoloni? Arabika ndiyo waliyotuletea wamisionari. Ya kutafuna tulikuwa nayo.

...kwamba mwishoni mwa miaka ya 1780 karibu nusu ya kahawa yote duniani ilitoka koloni moja la Ufaransa, ambalo leo ni Haiti, na waliochuma walikuwa watumwa kutoka Afrika? Mwaka 1791 waliasi. Mwaka 1804 wakawa taifa huru.

...kwamba Kenya ya mkoloni iliwazuia Waafrika kupanda kahawa hadi miaka ya 1930, na hata hapo ruhusa ilianzia sehemu chache kama Kisii na Meru? Kuvuna shamba la mzungu, ruksa. Kuwa na mibuni yako, kosa.

...kwamba Wachaga walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kikazaa ushirika wa KNCU mwaka 1933? Ukifika Moshi, ingia Union Café, mgahawa wa ushirika huo. Ni nadra kunywa kikombe ambacho mkulima wake ni mwenye mti na mwenye kaunta pia.

...kwamba mashindano ya dunia ya mabarista yalianza mwaka 2000, na hadi yale ya 2025 hakuna barista aliyeiwakilisha nchi ya Afrika aliyewahi kuyashinda? Marekani kwenyewe, barista wa kwanza Mweusi kutwaa ubingwa wa taifa ni Lem Butler, mwaka 2016. Mwaka uliofuata alishirikiana na mwenzake kufungua kiwanda cha kukaanga kahawa huko North Carolina.

...kwamba Aprili 2018 wanaume wawili Weusi walikamatwa na polisi ndani ya Starbucks ya Philadelphia, nao walikuwa wamekaa tu wakimsubiri mtu? Kampuni ilifunga maduka zaidi ya 8,000 mchana wa Mei 29 ili wafanyakazi wafundwe. Mchana mmoja! Katika mji huohuo, profesa Marc Lamont Hill alikuwa ameshafungua Uncle Bobbie's mwaka 2017: kahawa, vitabu na viti vya kukalia bila kuulizwa unamsubiri nani.

...kwamba huko Memphis, mwanarapu Bartholomew Jones na mkewe Renata Henderson, ambaye ndiye mkaangaji, waliunda Cxffeeblack ili kahawa na muziki wa vijana Weusi vikae meza moja? Kahawa yao mashuhuri inaitwa Guji Mane: Guji ni eneo la Ethiopia linakotoka buni, na jina zima linamtania rapa Gucci Mane. Kijana ambaye hajawahi kusikia habari za Guji anacheka kwanza, kisha anauliza. Jones alikwenda Ethiopia, safari ikawa filamu. Baadaye mradi wao ukaanza kuwakutanisha mabarista Weusi wa Marekani na wenzao wa Afrika. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika safu hii, kwa sababu mchumaji na mmiminaji huwa hawaonani.

...kwamba Keba Konte, mwanzilishi wa Red Bay Coffee ya Oakland (2014), ni msanii wa picha? Na kwamba BLK & Bold ya Iowa, iliyoanzishwa mwaka 2018 na marafiki wawili wa utotoni, hutenga asilimia 5 ya faida kwa ajili ya vijana?

...kwamba Phyllis Johnson, mwagizaji wa kahawa tangu 1999, alianzisha mwaka 2020 muungano wa kudai usawa wa rangi katika biashara hiyo? Na kwamba Vava Angwenyi wa Kenya, mwenye Vava Coffee tangu 2009, huwafunza vijana na ameandika kitabu kuhusu safari ya zao hili?

Mabango yenye nyuso nyeusi ni rahisi kuchapisha. Jukwaa la kweli kwa barista Mweusi ni mashine ya kufanyia mazoezi, ada ya mashindano iliyolipwa, na jina la mkaangaji kwenye pakiti. Wewe mwenye mgahawa Dar, Mombasa au Kampala: barista wako ameshawahi kuliona shamba? Mpe nauli aende.