Hulka za Watu Katika Usimamizi wa Mradi: III. Nani Alale Hema Gani

Katika makala mawili yaliyotangulia tulitazama jinsi mradi unavyopimwa kwa fedha na kwa muda, vitu viwili ambavyo hesabu yake, ijapokuwa nzito, huandikika katika daftari na mwenye macho akaisoma. Leo tunaingia katika jambo la tatu, ambalo daftari haliwezi kulibeba, nalo ni hulka za watu wenyewe watendao kazi, na namna ya mkubwa wao kuzifahamu ili aziweke mahali pake. Nasema aziweke mahali pake, wala sisemi azigeuze, kwa sababu msimamizi aliyepewa miezi minane ya kujenga zahanati hakupewa muda wa kuwalea watu upya, na yule ajaribuye kufanya hivyo aghalabu humaliza bila ya zahanati na bila ya watu.

Hamu ya kuwagawa wanadamu kwa tabia zao ni ya kale mno. Matabibu wa Kiyunani, na baadaye Galen katika karne ya pili, walifundisha kwamba mwili umetengenezwa kwa majimaji manne, yaani damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba lile lizidilo ndilo limtialo mtu uchangamfu, au upole, au ghadhabu, au huzuni. Na Ibn Sina akaipanga elimu hiyo katika Kanuni yake ya tiba, iliyosomwa Mashariki na Magharibi kwa karne nyingi, hata athari zake zikafika pwani yetu, ambako wazee wangali wanapima chakula kwa baridi yake na joto lake. Zama zetu zimeyaacha majimaji lakini hazikuuacha ugawaji. Mwaka 1921 Carl Jung wa Uswisi alitoa kitabu cha kuwapambanua watu ambao nadhari yao huelekea nje, kwa wenzao na kwa mambo ya dunia, na wale ambao huelekea ndani ya nafsi zao. Na wakati wa Vita vya Pili, Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, ambao hawakuwa wanazuoni wa nafsi kwa taaluma, wakatunga juu ya msingi huo orodha ya maswali ya kumtia kila mtu katika fungu moja miongoni mwa mafungu 16. Makampuni mengi huitumia orodha hiyo mpaka hivi leo, ilhali wataalamu wengi hawaikubali, kwa kuwa mtu yule yule akiulizwa tena baada ya majuma machache huenda akaangukia fungu jingine. Rai yangu ni kwamba karatasi za namna hiyo hazidhuru zikiwa mlango wa mazungumzo, bali zikigeuzwa hukumu, mtu akaambiwa kazi fulani si yake kwa sababu ya fungu alilotiwa asubuhi moja alipokuwa na usingizi, basi hiyo ni dhulma.

Aliyefika karibu zaidi na mushkili wetu ni Meredith Belbin wa Uingereza, kwa kuwa yeye hakumpima mtu mmoja mmoja tu, bali alitazama watu wakikusanywa pamoja na kupewa kazi. Katika chuo cha mameneja cha Henley, kwa muda wa miaka mingi, aliwagawa wanafunzi katika makundi ya kushindana kwa mchezo wa biashara, na baadhi ya makundi akayaunda kwa watu waliopata alama za juu kabisa za akili, akitaraji, kama ambavyo wengi wetu tungetaraji, kwamba hao ndio watakaoongoza. Kinyume chake, makundi hayo ya werevu mara nyingi yalitoka nyuma. Kila mmoja alikuwa na hoja, kila mmoja alikuwa hodari wa kuitoboa hoja ya mwenziwe, muda ukapita katika mjadala na kazi zisizopendeza zikakosa mwenyewe. Na wahenga wetu walikwisha kulisema, kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1981 Belbin alieleza kuwa kundi huhitaji mwenye kubuni, mwenye kupima, mwenye kusukuma, mwenye kupatanisha na mwenye kumaliza, na kwamba sifa moja ikikosekana haifidiwi kwa kuongezwa nyingine.

Tazama kikao chochote cha kamati ya kisima cha kijiji, uone jinsi mambo haya yanavyotokea bila ya kitabu. Mwenye ulimi mwepesi huanza, wa pili humuunga mkono, mwenyekiti hutikisa kichwa, na yule fundi wa pampu aliyekaa karibu na mlango, ambaye peke yake ajua kwamba mabomba yaliyoagizwa ni membamba kuliko yatakiwayo, hunyamaza, si kwa ujinga wala kwa kiburi, bali kwa sababu hulka yake ni kusema akiulizwa. Msimamizi mwenye busara humwendea huyo siku ya kabla ya kikao, kule kule penye kazi yake, akamwuliza akiwa na spana mkononi. Na mwenye shaka ya kila kitu, ambaye wenzake wamechoka naye, humpa hesabu aikague kabla haijatiwa sahihi.

Lakini mfano mkubwa wa elimu hii kwangu ni safari ya Ernest Shackleton, aliyeondoka Uingereza mwaka 1914 kwa nia ya kulivuka kwa miguu bara la barafu la kusini, na ambaye meli yake, Endurance, ilikamatwa na barafu mwezi wa Januari 1915, ikabanwa hata ikavunjika, na mwezi wa Novemba ikazama, ikawaacha watu 28 juu ya barafu ieleayo baharini. Mtu huyu alikuwa na desturi za ajabu katika kuchagua watu. Reginald James, mwanasayansi wa fizikia, alipokwenda kuomba kazi aliulizwa juu ya meno yake, juu ya mishipa ya miguu yake, na kama aweza kuimba. Na wakati kila mtu alipoamriwa kutupa mali yake ibaki ratili mbili tu, Shackleton alishurutisha banjo la Leonard Hussey lichukuliwe, ijapokuwa lilizidi uzani huo mara kadhaa, kwa kuwa alijua watakaa gizani muda mrefu.

Walipotoka melini ilibidi wagawanywe katika mahema, na hapo ndipo ustadi wake ulipodhihiri. Frank Hurley, mpiga picha, alikuwa mtu shujaa na hodari wa kazi za mikono, walakini alipenda kusifiwa na kushauriwa, na mtu wa hulka hiyo akipuuzwa huwa chanzo cha minong'ono. Shackleton hakumkemea wala hakumtenga, bali alimlaza katika hema lake mwenyewe, akawa anamtaka shauri katika mambo makubwa. James, ambaye mabaharia walimfanyia mzaha kwa usomi wake, akamweka humo humo, mbali na ndimi zao. Frank Wild, mtulivu asiyeshtuka, akapewa hema jingine na madaraka yake.

Kisha yuko Harry McNish, seremala. Huyu alikuwa Mskoti mwenye umri kupita wengi wao, fundi asiye na mfano na mkaidi asiye na mfano. Mwezi wa Desemba 1915, walipokuwa wakiburuta mashua juu ya barafu laini, alisimama akakataa amri, akihoji kwamba meli imezama na kwa hiyo mkataba wao wa kazi umekwisha. Shackleton aliwakusanya wote akawasomea mkataba, akawahakikishia mishahara yao, na fitina ikazimika. Miezi minne baadaye, walipofika kisiwa cha Elephant kisicho na mtu, ikalazimu mashua moja iende South Georgia kutafuta msaada, safari ya maili 800 katika bahari iliyo mbaya kuliko zote. McNish aliinua mbavu za mashua hiyo, akaifunika juu kwa mbao na turubai, akaikalafati kwa rangi za mchoraji wa safari zilizochanganywa na damu ya sili.

Shackleton alichagua watano wa kufuatana naye, na miongoni mwao akamchukua McNish, na pia John Vincent, baharia mwenye ubabe aliyewahi kuwaonea wenziwe. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba hakuwachukua kwa nguvu na ufundi wao tu, bali pia kwa kuwa hakutaka kuwaacha kisiwani miongoni mwa watu waliokata tamaa, ambako neno moja la uchungu lingeenea kama moto wa makuti. Huko nyuma alimwacha Wild na watu 21, wakaishi chini ya mashua mbili zilizopinduliwa, na kila kulipokucha Wild aliwaamuru wakunje vitu vyao kwa kuwa huenda mkubwa wao akaja siku hiyo. Alikuja tarehe 30 Agosti 1916, na watu wote 28 walikuwa hai.

Hata hivyo insafu inanilazimu niongeze la mwisho. Zilipotolewa nishani za kifalme kwa wasafiri hao, Shackleton hakuwapendekeza wanne, na McNish na Vincent walikuwa miongoni mwao. Katika mashua, mahali ambapo ukaidi na ufundi wa yule seremala vilikuwa kitu kimoja, alijua kukaa naye. Mezani, kalamu ikiwa mkononi, aliuhesabu ukaidi peke yake. McNish alifariki fukara mjini Wellington, New Zealand, mwaka 1930, na wenziwe kadhaa wa safari ile waliona kuwa alidhulumiwa. Juma lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya ujira na sifa, na nani apewe nini kazi ikiisha.