Elimu ya Afya na Wavuvi wa Kojani

Maarifa ya afya huanza kwa mtafiti, lakini hayapasi kuishia kwake. Yakibaki katika majarida yasomwayo na wataalamu wenzake tu, hayamfai yule ambaye maisha yake yamo hatarini. Wa kuyafikisha ni mchapishaji, yaani mtengenezaji wa vitabu, picha za ukutani na vipindi vya redio. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna wawili hao wapasavyo kushirikiana, kwa mfano unaowahusu wavuvi wa Kojani.

Kojani ni kisiwa kidogo karibu na pwani ya mashariki ya Pemba, katika Wilaya ya Wete. Watu wake wanasifika kwa uvuvi, na wengi wao huenda dago, yaani huhama kwa muda na kupiga kambi katika pwani za mbali. Miongoni mwa viumbe wanaokutana nao baharini ni kasa. Sheria inakataza kumvua, lakini nyama yake imependwa tangu zamani, na mahali pengine Pemba bado huliwa.

Nyama hiyo mara chache huwa na sumu. Mwezi wa Novemba 2021 watu 7 walifariki Pemba baada ya kuila. Na mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, kusini mwa Pemba, walifariki watoto 8 na mtu mzima 1, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Wataalamu wanadhani kwamba sumu hiyo hutokana na mimea ya baharini aliyoila kasa. Moto hauiondoi, dawa ya kuipinga haijapatikana, na huweza kupita katika maziwa ya mama ikamdhuru mtoto anyonyaye.

Hapa ndipo ilipo kazi ngumu. Mvuvi humjua bunju tangu utotoni, kwamba ni samaki wa sumu, naye hujihadhari naye. Kasa si hivyo. Mtu aweza kumla mara ishirini asipatwe na neno, na mara ya ishirini na moja akafa pamoja na wanawe; wala nyama yenye sumu haina rangi, harufu au ladha ya kuitambulisha. Basi tangazo lisemalo tu kwamba nyama ya kasa ni sumu litapingwa na yale aliyoyaona msomaji mwenyewe, na akishalihesabu kuwa ni uongo hatalisadiki tena. Afadhali aelezwe kwamba bunju hujulikana kwa umbo lake, lakini kasa mwenye sumu hajulikani mpaka ameshaliwa. Mtafiti peke yake aghalabu hawezi kuyapata maneno kama hayo, na mchapishaji peke yake hawezi kuthibitisha ukweli wake.

Ushirikiano wa namna hii si jambo geni Zanzibar. Watafiti wa Wizara ya Afya na wenzao wa London walitumia katika shule za msingi za Unguja kijitabu cha hadithi ya picha kiitwacho Juma na Kichocho. Hawakuishia kukigawa, waliwauliza wanafunzi maswali ili kupima walichojifunza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Pemba nayo ina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000. Kwa hiyo wataalamu hawako mbali.

Kwa Kojani twaona mambo matatu yafaa kuzingatiwa. Kwanza, maandishi yasomwe kwa sauti mbele ya wavuvi, wake zao na walimu wa chuo kabla ya kuchapwa, ili neno lisiloeleweka libadilishwe mapema. Pili, yaseme wazi yale ambayo wataalamu wenyewe hawajayajua, maana anayekiri mpaka wa ujuzi wake huaminiwa zaidi. Tatu, yatolewe kabla vyombo havijaondoka kwenda dago, na redio iyarudie wavuvi wakiwa kambini, kwani karatasi iliyobandikwa hospitalini haimfikii aliye ng'ambo.

Na katika kila chapisho lisikosekane agizo hili: aliyekula kasa kisha akaona kichefuchefu, kuharisha, kuwaka moto kinywani au usingizi usio wa kawaida, aende hospitali mara moja, na kama ananyonyesha amwambie tabibu.