Umri wa Ramani ya Bahari

Anayenunua mashua ya tanga iliyokwisha kutumika nchini Uingereza mara nyingi hukabidhiwa, pamoja na nanga na matanga, furushi la ramani za karatasi. Atazame kwanza pembe ya chini kushoto ya kila karatasi. Kwenye ramani za Admiralty, zinazotolewa na Ofisi ya Hidrografia ya Uingereza mjini Taunton, hapo ndipo huandikwa mwaka na nambari ya kila sahihisho lililokwisha kufanywa. Ikiwa nambari ya mwisho ni ya 2009, basi boya lililohamishwa, taa iliyobadilishwa mwako na chombo kilichozama baada ya hapo, vyote havimo.

Ofisi hiyo hutoa Ilani kwa Mabaharia kila wiki, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bure mtandaoni kwa kutafuta nambari ya ramani yake. Ilani yenyewe huwa fupi: futa boya hapa, liweke pale, badilisha kina. Kazi hufanywa kwa kalamu ya ncha nyembamba na wino wa zambarau usioyeyuka majini, ili sahihisho lionekane bila kufunika kilichochapwa. Ilani za muda huandikwa kwa penseli, maana zitakuja kufutwa. Mabadiliko yakiwa mengi mahali pamoja, hutolewa kipande cha ramani cha kukata na kubandika. Ninachokipenda zaidi katika utaratibu huu ni kwamba kila ilani hutaja nambari ya sahihisho lililoitangulia kwenye ramani hiyohiyo. Ukiikosa nambari hiyo pale pembeni, unajua papo hapo kwamba kuna sahihisho lililorukwa, hata kama lilirukwa na mwenye ramani wa kabla yako. Toleo jipya likichapwa, la zamani hubatilika, na hapo hakuna wino utakaolisaidia.

Hata hivyo, ramani iliyosahihishwa hadi wiki iliyopita inaweza kubeba vina vya karne iliyopita au zaidi. Ilani hueleza yaliyoripotiwa. Hazipimi upya chini ya bahari. Kapteni William Owen alipoipima pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1820, vina vilipatikana kwa kutupa bildi, na bildi hugusa nukta moja tu: mwamba ulio hatua chache kando hauguswi. Sehemu nyingi za dunia zisizopitwa na meli kubwa bado zinategemea upimaji wa aina hiyo. Ndiyo sababu ramani huwa na mchoro mdogo unaoonyesha kila eneo lilipimwa mwaka gani na kwa njia gani. Msafiri wa starehe anauhitaji mchoro huo kuliko nahodha wa meli ya mizigo. Meli hufuata njia kuu zilizopimwa kwa mawimbi ya sauti. Yeye hutafuta vighuba vya kutia nanga, ambavyo huenda havijapimwa tena tangu enzi za bildi.

Ramani za kielektroniki zimepunguza kazi ya kalamu, lakini nazo zina umri. Data ya kifaa cha mashuani husasishwa kwa kadi au kwa intaneti, aghalabu kwa malipo, na ni rahisi kuacha kulipa kwa sababu skrini huendelea kung'aa kama jana. Tarehe ya data itafutwe kwenye menyu kabla ya kung'oa nanga. Kisha njia nzima ikaguliwe kwa kukuza picha, hatua kwa hatua. Usiku wa tarehe 29 Novemba 2014, mashua Vestas Wind, ikiwa katika mashindano ya Volvo Ocean Race kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, ilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Mauritius. Miamba hiyo ilikuwamo katika ramani zao, ila kwa ukuzaji waliokuwa wakiutumia haikujitokeza kama hatari. Mabaharia wote 9 waliokolewa.

Ziko pia sehemu ambazo hata ilani ya kila wiki haiwezi kuziwahi. Mashariki mwa Uingereza, baina ya Felixstowe na Bawdsey, mto Deben huingia baharini kwa mlango mwembamba wenye fungu la kokoto na mchanga. Dhoruba za majira ya baridi hulisukuma fungu hilo, na mkondo wa kina huhama nalo. Taasisi ya Trinity House huyahamisha maboya kuufuata, na vina vipya hutolewa kwenye mchoro wa mlango huo peke yake. Mwenye mashua autafute mchoro wa msimu huu, awaulize wanaopita hapo kila siku, na aingie wakati maji yanajaa. Mkuku ukigusa kokoto, maji yanayopanda yataiinua mashua. Akigusa wakati maji yanakupwa, atakaa hapo kwa saa kadhaa.