Je, Wajua? Kabati la Kale Halina Raha Lodwar

Ukifika Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, ukaulizia kabati la kale la kununua, watu watakutazama kwa huruma. Mfugaji anayehama na mbuzi zake hana haja na chombo kisichopanda mgongoni mwa punda. Mimi niliuliza. Nikaelekezwa Lodwar, na njiani nikaanza kuokota haya ninayoyaandika.

Je, wajua kwamba mkazi maarufu kuliko wote wa Nariokotome alikutwa ameshikwa na mti? Agosti 1984, siku ya mapumziko kambini, mtafutaji wa visukuku Kamoya Kimeu alitoka kutembea kando ya mto mkavu akaona kipande kidogo cha fuvu, rangi yake karibu sawa na kokoto zilizokizunguka. Wenzake wa kundi la watafiti Richard Leakey na Alan Walker walipoendelea kuchimba walikuta sehemu ya fuvu imeshikwa na mizizi ya mti wa miiba. Mifupa ile ni ya mvulana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita, mrefu karibu sentimita 160. Leo iko Nairobi, Makumbusho ya Kitaifa, na kwenye daftari inaitwa KNM-WT 15000. Hizo WT ni kifupi cha Turkana Magharibi. Kwa hiyo kitu cha kale kinachojulikana zaidi cha kijiji hiki kimo kabatini, ila kabati lenyewe liko mji mwingine.

Neno kabati limetoka kwa Waingereza, na kwao asili yake ni ubao wa kupangia vikombe, wala haukuwa na mlango. Wazee wa Pwani wana almari, iliyozunguka India baada ya kutoka kwa Wareno. Kasha nalo ni la Wareno, sanduku ni la Waarabu. Mtu akikutajia fanicha nyumbani kwake, sikiliza maneno yake: utajua ni jahazi la nani lililotia nanga kwao.

Kabla ya kabati kuenea, Waswahili walikuwa na zidaka. Ukiingia nyumba ya mawe ya karne ya 18 mjini Lamu, kule ndani kabisa utaona ukuta mzima umejaa vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, vimenakshiwa pembeni. Humo ziliwekwa sahani na mabakuli ya kauri ya Kichina, na vyombo vingine vya thamani. Hilo ndilo kabati la maonyesho la asili la mwambao huu, na sifa yake kubwa ni kwamba mwizi hawezi kulibeba. Dalali naye hawezi kuliuza, labda auze na nyumba.

Sasa tuje kwenye kununua. Muuza vitu vya zamani, awe wa Mombasa au Unguja, atakwambia kabati lake lina miaka mia na hamsini. Usibishane naye, zunguka nyuma. Mbele hudanganya kwa vanishi, lakini mgongoni fundi wa zamani hakujisumbua kupiga randa vizuri, na alama za msumeno hubaki. Ukikuta plaiwudi, ama kabati si la kale, ama mgongo umebadilishwa. Kisha tazama skrubu. Zile zenye alama ya msalaba kichwani zilianza kuenea miaka ya 1930, baada ya Henry Phillips wa Marekani kuzipatia hataza. Skrubu moja ya msalaba haitoshi kuhukumu, maana bawaba huvunjika na hubadilishwa. Kumi na sita za msalaba, zote zinang'aa, hizo ni ushahidi.

Vuta droo uitazame pembeni. Mbao mbili zikiumana kwa meno yaliyochongwa kwa mkono, hakuna jino linalofanana kabisa na jirani yake. Mashine haichoki, kwa hiyo meno yake ni pacha. Halafu pitisha kidole kwenye matundu ya wadudu. Mbao iliyobunguliwa zamani ina matundu meusi, makavu. Ukiona unga mweupe mpya chini ya kabati, wenye nyumba bado wamo, na utawapeleka kwako kwa gharama yako mwenyewe.

Jambo linalonifurahisha kuliko yote ni hili: ubao hunywea upana, urefu wake haubadiliki sana. Ndiyo maana meza ya duara iliyozeeka haibaki duara kamili. Ipime kwa utepe kufuata nyuzi za mbao, kisha uipime kukata nyuzi. Vipimo vikilingana kabisa kwenye meza inayodaiwa kuwa ya karne iliyopita, shika pochi yako vizuri.

Na hapo ndipo Lodwar inapoingia. Mji huu hupata mvua ya karibu milimita 200 tu kwa mwaka, na upepo wake ni kama umefungua tanuri. Shemeji yangu alihamia huko kikazi, akaja na kabati la vioo la msaji alilolinunua Pwani, la kupangia vikombe vya arusi na vitambaa vyake vya krosheti. Mwezi wa tatu, usiku, tukasikia "ta!" tukadhani ni kioo. Ulikuwa ni ubao wa mlango umepasuka kutoka juu hadi chini. Fundi wa mtaani aliyeitwa asubuhi alichungulia tu akauliza, "Mama, nani alipiga gundi hapa?"

Alitueleza akiwa amechuchumaa, patasi mkononi. Mlango wa kabati zuri una fremu, na katikati ubao mwembamba uliopachikwa kwenye mfuo. Ule ubao haupigwi gundi wala msumari. Unaachwa ucheze, upanuke masika, unywee kiangazi. Mtu fulani, katika kulikarabati ili liuzike, aliona ubao unachezacheza akaugandisha pande zote nne. Kwenye unyevu wa bahari ungevumilia. Huku ulitaka kunywea, ukazuiwa, ukapasuka. Akaukwangua ule mstari wa gundi, akaunganisha vipande viwili, akaurudisha mfuoni ukiwa huru. Ukiutikisa leo unalia kidogo, na shemeji ameshaacha kulalamika.

Waturkana walilijua tatizo hilo kabla ya gundi kufika. Elepit, chombo cha mbao cha kukamulia maziwa, na atubwa, bakuli lao, hupakwa mafuta ya mifugo mara kwa mara, na mafuta yakikolea mbao haikauki ghafla. Kikipata ufa, hakitupwi: hutobolewa matundu madogo kando ya ufa na kushonwa kwa ngozi, kama kiatu. Mimi nikikuta elepit iliyoshonwa na nyingine nzima, nachukua iliyoshonwa. Nzima huenda ilichongwa jana kwa ajili ya mgeni kama mimi.

Kuna na sheria. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale kisheria. Huwezi kufanya biashara yake bila leseni wala kukitoa nje bila kibali. Milango na fremu zilizonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki zinalindwa hadi zile za kabla ya 1946. Muuzaji anayeapa kwamba kabati lake ni la 1880 mwombe leseni. Nimeona kabati likipungua umri kwa miaka arobaini papo hapo.

Kabati la kale sikulipata Lodwar. Makabati mengi niliyoyakuta ni mapya, ya mbao za saiprasi zinazopanda lori kutoka upande wa Kitale, na Kakuma ni hivyo hivyo: katika kambi ya wakimbizi, iliyofunguliwa mwaka 1992, useremala ni kazi ya watu wengi, ila kinachotakiwa ni kitanda na mlango. Kitu cha zamani nilichokitamani kilikuwa chini ya mzee mmoja, kivulini. Ekicholong, kigoda kidogo ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku, zamani ili nywele zilizopakwa udongo zisiharibike. Chake kilikuwa cheusi kwa jasho na mafuta, mguu umelika upande mmoja, kamba ya ngozi imeng'aa kwa kushikwa.

"Mzee, hiki waweza kuniuzia?"

Akakitoa, akakigeuza, akanionyesha nyuma bila kuambiwa. Kisha akakiweka ubavuni, akajinyoosha chini ya mti wa ewoi, akaegemeza kichwa.

"Rudi jua likipoa, kijana wangu. Sasa kinatumika."