Kula Minadani Msimu wa Kiangazi

Alizeti na mtama vikishavunwa, wakazi wengi wa Singida hupata nafasi ya kutembea: minadani, kandokando ya Ziwa Singidani na, kwa wenye nauli, hadi viwanja vya Nzuguni jijini Dodoma, kwenye maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kati. Kuku wa kienyeji na mbuzi wa kuchoma ni nusu ya safari hizo.

Hata hivyo, kiangazi ndipo maji huadimika. Ndoo moja inayosuuza sahani za wateja tangu asubuhi yaweza kueneza kipindupindu, hata kama nyama yenyewe ni safi. Kwa hiyo mlaji atazame kwanza mahali pa kunawia: maji yatiririke, sabuni iwepo. Nyama ya mbuzi au ng'ombe itoke kwenye mzoga wenye muhuri wa mkaguzi, na kuku aive hadi mfupani. Kachumbari haipiti motoni. Usalama wake hutegemea maji yaliyoiosha. Mama lishe anayepakua chakula kingali kinachemka hana sababu ya kuogopwa, ingawa kibanda chake ni cha turubai.

Anayeona nyama isiyokaguliwa ikiuzwa amwarifu Afisa Afya au Mtendaji wa Kata siku hiyohiyo, kabla mnada haujavunjika.