Kuku wa Kigiriki kwa viazi vya Mgeta

Viazi na karoti zinazoshushwa kutoka Mgeta, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, zaweza kumpatia mkazi wa mjini mlo wa jioni wa mtindo wa Ugiriki kwa sufuria moja na moto mmoja.

Kinachohitajika ni kuku wa kisasa mmoja aliyekatwa vipande, viazi sita, karoti tatu, ndimu mbili, punje sita za kitunguu saumu, vijiko vinne vya mafuta, chumvi na majani makavu ya oregano, kiungo kipendwacho na Wagiriki.

Kuku hupakwa viungo, mafuta na maji ya ndimu moja, kisha huachwa nusu saa. Viazi na karoti hutandazwa chini, kuku juu, huongezwa kikombe cha maji na kufunikwa kwa dakika 45. Makaa ya moto huwekwa juu ya mfuniko dakika 15 za mwisho ili ngozi iwe ya kahawia.

Ndimu ya pili hukamuliwa mwishoni, kwani uchachu ukizidi mapema viazi hukawia kulainika. Kuku wa kienyeji achemshwe kwanza. Vinginevyo viazi vitapondeka nyama ikiwa bado ngumu. Nyama iive hadi mfupani, kwa kuwa kuku mbichi huweza kubeba bakteria wa salmonela.

Mlo huu huliwa na mtindi. Mgeta hufuga pia mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, walioletwa miaka ya 1980, na mtindi wa maziwa yao hufaa sana hapa.